Wasia wa Askari na Mirathi ya Mvuvi wa Chula

Kisiwa cha Chula ni kimoja katika visiwa vya Wabajuni vilivyopangana kusini ya Kismayu kuelekea Ras Kamboni na mpaka wa Kenya. Wakazi wake tangu kale ni watu wa bahari, na riziki yao imo katika mashua, nyavu na samaki. Askari aliyepata kutumikia upande huo, hasa tangu majeshi ya Kenya na ya Somalia yalipoingia Kismayu mwaka 2012, bila shaka amewaona wavuvi wa pwani ile wakitweka tanga alfajiri. Yamkini hakufikiri kwamba yeye na mvuvi yule wana jambo moja linalowaunganisha: kila mmoja huondoka nyumbani asubuhi bila ya hakika ya kurejea jioni, na kila mmoja huacha nyuma watu ambao siku moja watauliza mali yake ni ya nani.

Tuseme nahodha mmoja wa Chula amefariki dunia, naye ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Tarika yake ni mashua, nyavu na nyumba. Kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayofuatwa kisiwani, mali haigawanywi kwa kuwa jamaa wamekwisha kukusanyika matangani. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha hulipwa madeni. Na hapa ndugu wengi husahau kwamba mahari ambayo mume hakuyamaliza ni deni kama madeni mengine. Mjane hulipwa kwanza mahari hayo, ndipo apewe urithi wake. Baada ya madeni hutekelezwa wasia, nao hauwezi kupita theluthi ya mali iliyobaki. Kinachosalia ndicho cha warithi. Kikihesabiwa kuwa mafungu 24, mjane hupata thumni, yaani mafungu 3. Kila mtoto wa kiume hupata 6, na kila wa kike 3. Jumla ni 24 kamili.

Hesabu ni nyepesi. Mashua ndiyo nzito. Chombo hakikatwi kwa msumeno. Aghalabu mtoto mkubwa wa kiume huendelea kukivulia, na baada ya miaka michache husahau, au hujisahaulisha, kwamba dada zake watatu wana mafungu 9 na mama yake mafungu 3. Ikiwa chombo hakiuzwi, basi kila mwenye fungu anastahili sehemu yake katika pato la chombo, baada ya kutolewa gharama na ujira wa wanaovua. Kukaa kimya kwa dada si kutoa zawadi.

Wazee wa Chula wameona kanuni mbili katika maisha yao. Tarehe 11 Januari, 1975, serikali ya Jenerali Mohamed Siad Barre ilitoa Sheria ya Familia, Nambari 23, iliyotamka kwamba mwanamume na mwanamke wana haki sawa katika urithi. Kwa sheria hiyo watoto watano wa nahodha wetu wangelingana mafungu. Masheikh walioipinga hadharani mjini Mogadishu walikamatwa, na 10 kati yao wakauawa tarehe 23 mwezi ule ule. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya usawa wa mafungu, lakini sheria iliyoingizwa nyumbani mwa watu kwa risasi ilikuwa na mizizi mifupi. Dola ile ilipoanguka Januari 1991, watu waliirudia hukumu ya makadhi na wazee, na Katiba ya Muda ya Somalia ya mwaka 2012 imesema kwamba haiwezi kutungwa sheria isiyoafikiana na misingi ya Sharia.

Vita hivyo vya 1991 viliwatoa Wabajuni wengi visiwani, wakakimbilia Mombasa na kwingineko katika pwani ya Kenya, ambako wana ndugu wa damu katika vijiji vya Lamu. Hapo ndipo linapozuka swali gumu zaidi: je, aliyekimbia amepoteza fungu lake katika nyumba ya baba yake? La hasha. Safari haimwondolei mtu urithi, wala mpaka wa nchi hautenganishi Mwislamu na mrithi wake. Anayekaa Mombasa ana haki ile ile ya ndugu yake aliyebaki kisiwani. Tofauti ni ushahidi tu. Hivyo majina ya warithi, mipaka ya kiwanja na sehemu za chombo yafaa yaandikwe wakati wazee wanaozijua bado wako hai. Kwa walioko Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inaipa mahakama ya kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, maadamu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo.

Sasa tuje kwenye msiba wa bahari wenyewe. Baba na mwanawe wamezama katika chombo kimoja, na hakuna ajuaye nani alitangulia kufa. Wanazuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani hii, wanasema wawili hao hawarithiani. Mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Matokeo yake ni machungu. Ikiwa baba ameacha watoto wengine wa kiume, wale wajukuu mayatima wa mwana aliyezama hawapati kitu kwa babu yao, kwa kuwa ami zao wanawazuia. Misri iliona uzito wa jambo hili, na kwa sheria yake ya mwaka 1946 ikawawekea wajukuu wa namna hiyo wasia wa lazima ndani ya theluthi. Chula haina sheria hiyo. Lakini babu anayo theluthi yake, na kwa kuwa wajukuu hao si warithi, hakuna kinachomzuia kuwausia. Kumwusia mrithi ndiko kusikofaa, ila warithi wenzake waridhie.

Na asiyeonekana kabisa, si maiti wala habari? Huyu huhesabiwa hai hadi kadhi ahukumu vinginevyo. Mali yake haigawanywi, na akifiwa na mama yake fungu lake huwekwa akiba. Kuhusu mkewe, madhehebu ya Shafii yana kauli mbili: ya zamani inayomngojesha miaka minne kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, na ya baadaye inayomtaka asubiri hadi yakini ya kifo ipatikane. Mahakama za serikali nchini Kenya humdhania mtu amekufa akitimiza miaka saba bila ya kusikika na wale ambao wangetazamiwa kusikia habari zake. Mwanamke asiolewe kwa uvumi wa bandarini. Aende kwa kadhi apate hukumu.

Askari naye amefikiriwa tangu zamani. Warumi walimruhusu askari kuusia bila ya taratibu ngumu, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1837 iliendeleza ruhusa hiyo kwa wanajeshi walio vitani na mabaharia walio safarini. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, 1981, inakubali wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili ikiwa mwenyewe atakufa ndani ya miezi mitatu. Bali mwanajeshi na baharia wa meli za biashara, wakiwa kazini vitani au baharini, hawabanwi na miezi hiyo, mradi wafe katika muda ule ule wa utumishi. Polisi hawakutajwa hapo, basi askari polisi asitegemee maneno ya mdomo. Waislamu wao, tangu marekebisho ya mwaka 1990, hufuata mirathi ya dini yao.

Jambo la mwisho ni ile fomu ya jamaa wa karibu. Kijana huijaza siku ya kuandikishwa akiwa kapera, akaandika jina la mama. Akaoa, akazaa, na fomu ikabaki vile vile. Fomu hiyo si wasia, lakini ndiyo karatasi ya kwanza kufunguliwa habari mbaya inapofika. Ibadilishwe mtu anapooa, anapozaa na anapoacha. Wasia wenyewe uandikwe nakala mbili, madeni yatajwe kwa majina na kiasi, na nakala moja isiwekwe kambini, bali kwa kadhi, wakili au mwaminifu asiye na fungu katika mali hiyo.