Kaseti Kongwe za Gemu: Kweli au Uzushi?

Gemu za runinga zimefikia umri wa kuitwa kongwe, na penye ukongwe hapakosi hadithi. Wakusanyaji hubishana juu ya kaseti zilizozikwa jangwani, gemu zilizofutwa zikiwa tayari kwenda sokoni, na sampuli za majaribio zinazouzwa kwa bei ya nyumba. Makosa mengi katika mabishano hayo yana chanzo kimoja: watu hutazama ganda la plastiki, wakaisahau programu iliyomo. Tuyapime madai manane.

1. Atari ndiyo iliyoleta gemu nyumbani.
SI KWELI. Magnavox Odyssey iliingia madukani Marekani mwaka 1972, miaka 3 kabla ya Pong ya nyumbani ya Atari. Mbunifu wake, Ralph Baer, alitengeneza kwanza sampuli ya kisanduku kilichobandikwa plastiki yenye sura ya mbao; sampuli hiyo, maarufu kama Brown Box, imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Odyssey haikutoa sauti, na mandhari ya mchezo yalikuwa karatasi angavu za plastiki zilizobandikwa kwenye kioo cha TV. Hata kaseti yenye programu ndani haikuanza na Atari. Ilikuja mwaka 1976 na Fairchild Channel F, mashine ambayo kazi yake iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi.

2. Atari ilizika mamilioni ya kaseti za gemu ya E.T. jangwani.
KWELI, ila imetiwa chumvi. Lisemwalo lipo: Septemba 1983 malori ya Atari yalimwaga shehena kwenye jaa la mji wa Alamogordo, New Mexico. Kwa miaka 30 wengi waliliona jambo hili kama porojo, hadi jaa lilipofukuliwa Aprili 2014 na kaseti zikaonekana. Aliyesimamia maziko, James Heller, alitaja kaseti takriban 728,000, si mamilioni. Tena hazikuwa E.T. peke yake, zilitoka hata Centipede na Missile Command, gemu zilizopendwa sana.

Vilevile E.T. hubebeshwa lawama ya kuua soko zima la gemu la Marekani. Howard Scott Warshaw aliiandika kwa muda wa wiki 5 hivi ili iwahi Krismasi ya 1982, na haraka hiyo inaonekana. Lakini soko lilikuwa limeshazidiwa: mashine zilikuwa nyingi mno, gemu za ovyo zilijaa rafu, na kompyuta za nyumbani zilikuwa zikishuka bei.

3. Kaseti ikigoma, ipulize.
SI KWELI. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, maana pini hupata nafasi ya kugusana vizuri. Pumzi huacha unyevu, na unyevu huozesha shaba. Safisha pini kwa pamba yenye spiriti kidogo, uziache zikauke kabisa kabla ya kurudisha kaseti kwenye mashine.

4. Betri ya kaseti ikifa, gemu imekufa.
SI KWELI. Katika kaseti kama The Legend of Zelda, betri hulinda kumbukumbu ya pale ulipofikia tu. Gemu yenyewe imo kwenye chipu isiyotegemea betri. Betri ikiisha, utapoteza safari uliyoihifadhi. Fundi akiunganisha betri mpya, kaseti itahifadhi tena.

5. Kaseti ya "9999 in 1" ina gemu 9999.
SI KWELI, na waliokua na mashine za kuiga Famicom ya Nintendo, zilizouzwa Afrika Mashariki miaka ya 1990 na 2000, wanalijua hili vizuri. Gemu halisi zilikuwa chache. Orodha ilizirudia zilezile kwa majina tofauti, mara nyingine zikianzia hatua ya mbele au mchezaji akiwa na maisha ya ziada. Usizitupe kwa sababu hiyo. Kaseti hizi zina mabadiliko ambayo kampuni zenye gemu hazikuyafanya wala kuyaweka kumbukumbu, na ni sehemu ya historia ya gemu kwetu.

6. Kadiri gemu ilivyo ya zamani, ndivyo ilivyo ghali.
SI KWELI. Super Mario Bros. ya 1985 iliuzwa nakala zaidi ya milioni 40, na kaseti yake isiyo na boksi huwezi kuiita adimu. Hata hivyo, mwaka 2021 nakala moja ambayo haijawahi kufunguliwa ilinunuliwa kwa dola milioni 2: pesa hizo zilifuata boksi, si mchezo. Uadimu wa kweli ni mwingine. Nintendo ilitoa kaseti 26 tu za dhahabu za Nintendo World Championships mwaka 1990. Na sampuli ya mashine ambayo Sony na Nintendo waliitengeneza pamoja kabla ya kutengana iliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa dola 360,000.

7. Gemu iliyofutwa kabla ya kutoka lazima ilikuwa mbovu.
SI KWELI. Star Fox 2 ilikamilika katikati ya miaka ya 1990, ikawekwa kando kwa sababu Nintendo 64 ilikuwa njiani na michoro ya Star Fox 2 ingeonekana ya kizamani. Nintendo iliitoa rasmi mwaka 2017. Tafsiri ya Kiingereza ya gemu ya Kijapani, Mother, nayo ilikuwa tayari mwaka 1990, ikakosa kutolewa. Mashabiki waliifahamu kupitia sampuli iliyoibuka mwaka 1998, wakalisubiri toleo rasmi hadi 2015. Mara nyingi kinachoua gemu ni kalenda na hesabu za biashara.

8. Sampuli iliyofungiwa kabatini iko salama.
SI KWELI, na dai hili ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote. Kaseti ya dukani hubeba chipu ambayo programu yake imechongwa kiwandani. Sampuli nyingi hutumia EPROM, chipu yenye kidirisha cha kioo, inayofutwa kwa mwanga wa urujuanimno ili iandikwe tena. Ndani yake programu ni chaji ndogo za umeme, na chaji hizo huvuja polepole hata gizani. Mmiliki anaweza kuitunza miaka 40 kama dhahabu, kumbe amebaki na ganda. La kuvunda halina ubani: programu iliyofutika hairudishwi na fundi yeyote.

Baadhi ya wakusanyaji hukataa kunakili programu ya sampuli zao wakihofia bei kushuka. Hofu hiyo haitofautishi mali na maandishi. Nakala haikupunguzii bodi uliyonayo, kama ambavyo kaseti mkononi haikupi hakimiliki ya kuichapisha gemu na kuiuza.

Basi ukikutana na bodi isiyo na ganda, yenye chipu za vidirisha na lebo iliyoandikwa kwa mkono, usibandue stika iliyofunika kidirisha, maana ndiyo kinga yake dhidi ya mwanga. Usiijaribu kwenye mashine usiyoiamini. Ipige picha pande zote, andika ilikotoka, kisha mtafute mwenye kifaa cha kusoma EPROM, aisome kabla hujaanza kuitafutia bei.