Kutoka Watu hadi Ramani: Neno Gaeltacht na Funzo Lake kwa Sera ya Lugha

Makala haya yanafafanua maana na historia ya neno Gaeltacht, ambalo leo hutaja maeneo ya Ayalandi yanayotambuliwa kisheria kuwa ya wasemaji wa Kiayalandi. Hoja kuu ni kwamba neno hilo lilihama kutoka kwa watu likaingia katika ramani, na kuhama huko kuliathiri haki za wasemaji.

Kimofolojia, neno limeundwa kwa nomino yenye maana ya Mgaeli na kiambishi tamati -tacht, kinachounda nomino dhahania kama kifanyavyo kiambishi awali u- katika Uswahili. Awali lilirejelea Wagaeli wenyewe pamoja na utamaduni wao. Kinyume chake kilikuwa Galltacht, kutokana na Gall, yaani mgeni. Maana ya mahali ilipotawala, ikawa kana kwamba Uswahili umegeuka Uswahilini.

Mwaka 1925 serikali ya Dola Huru ya Ayalandi iliunda tume kuhusu maeneo hayo. Ripoti ya 1926 ilipendekeza madaraja mawili: Fíor-Ghaeltacht, yenye wasemaji asilimia 80 au zaidi, na Breac-Ghaeltacht, yenye asilimia 25 hadi 79. Mwaka 1956 mipaka rasmi iliwekwa kwa amri ya serikali.

Udhaifu wa kigezo cha ardhi unadhihirika Ráth Chairn, katika kaunti ya Meath. Familia kutoka Connemara zilihamishiwa huko mwaka 1935 zikiwa na lugha yao, lakini eneo hilo lilitambuliwa kuwa Gaeltacht mwaka 1967 tu, baada ya wakazi kulidai. Wasemaji walihama, neno halikuwafuata. Huko Uskoti hali ni kinyume: Gàidhealtachd limebaki kuwa jina la nyanda za juu, ilhali wengi wa wakazi wake hawasemi Kigaeli.

Sheria ya Gaeltacht ya mwaka 2012 ilijaribu kurekebisha kasoro hiyo kwa kuufungamanisha utambuzi wa eneo na mpango wa lugha unaoandaliwa na jamii husika.

Kwa hiyo, mshauri wa sera anayependekeza kulinda lugha kwa kuichorea mpaka hana budi kueleza mapema jinsi mpaka huo utakavyopitiwa upya wasemaji wanapohama, wanapopungua au wanapoongezeka. Bila utaratibu huo, sheria itaendelea kulinda jina huku lugha yenyewe ikitoweka.