Kuuza Nguo za Watoto Zilizotumika kwa Mnada wa Mtandaoni: Mwongozo kwa Anayeanza

Mtoto hukua haraka kuliko nguo zake zinavyochakaa. Sweta iliyonunuliwa Januari huenda ikambana kufikia Agosti, ilhali haijafumuka hata uzi mmoja. Katika nyumba nyingi za Kaunti ya Mombasa, nguo kama hizo hujazwa kwenye mifuko na kusahauliwa chini ya kitanda. Baadhi ya wakaazi sasa wanaziuza kwa mnada katika makundi ya WhatsApp na Facebook. Wengine hununua mitumba katika soko la Kongowea, wakachambua za watoto na kuziuza kwa njia iyo hiyo.

Biashara hii haihitaji kibanda wala mtaji mkubwa. Hata hivyo, asiyejua taratibu zake anaweza kupoteza nguo, pesa na sifa yake kwa wiki moja tu.

Mnada hufanya kazi vipi?

Muuzaji huweka picha ya nguo, bei ya kuanzia na saa ya kufunga. Wanunuzi hutoa dau kwa kuandika bei zao chini ya picha, na aliyetaja bei ya juu zaidi saa inapotimia ndiye mshindi.

Mnada humfaidi muuzaji pale ambapo kuna angalau watu wawili wanaoitaka nguo ileile. Koti zito, rinda la sherehe au viatu vya ngozi visivyochakaa huvuta ushindani. Fulana ya kawaida haivuti, na ni afadhali iuzwe kwa bei maalum. Nguo ndogo ndogo pia zinaweza kufungwa pamoja, kwa mfano fungu la nguo 5 za mtoto wa miezi 6, ili mnunuzi aone faida ya kulipia usafiri.

Kuandaa nguo

Kila nguo ifuliwe, ikauke vizuri na kupigwa pasi pande zote mbili. Kisha ikaguliwe kwenye mwangaza: zipu, lastiki, vifungo, kwapa na magoti. Kifungo kinacholegea kishonwe upya, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kukimeza na kukabwa. Kamba zinazoning'inia kwenye kofia ya koti au shingoni ziondolewe, kwani zinaweza kunasa mahali mtoto anapocheza na kumnyonga.

Nguo za ndani zilizotumika ziachwe kabisa. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa nchini, KEBS, limepiga marufuku uingizaji wake kwa sababu za kiafya.

Vipimo na picha

Malalamiko mengi ya wanunuzi hutokana na saizi. Nguo za mitumba hutoka nchi mbalimbali, na lebo zake hazifanani. Katika nguo nyingi za Ulaya, nambari kama 92, 104 au 116 ni urefu wa mtoto kwa sentimita. 104 humfaa mtoto wa takriban miaka 3 hadi 4. Nguo za Marekani huwa na alama kama 2T au 3T, ambazo huhesabu umri. Njia salama ni kupima kwa tepu ya fundi na kuandika upana wa kifua, urefu wa nguo na urefu wa mkono.

Picha zipigwe mchana, nguo ikiwa imetandazwa kwenye kitambaa cha rangi moja. Tatu zinatosha: ya mbele, ya nyuma, na ya dosari iliyopo. Doa likionyeshwa mapema, hakuna atakayelalamika baadaye.

Mtoto asitumiwe kuonyesha nguo mtandaoni. Picha ikishasambaa haiwezi kurudishwa, na sare ya shule peke yake inaweza kumfahamisha mtu mbaya mahali mtoto anaposoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, kwa hivyo kupiga na kusambaza picha ya mtoto wa jirani bila ruhusa kunaweza kumletea muuzaji matatizo.

Hesabu kabla ya bei

Wengi wanaoanza huweka bei ya chini sana wakitumaini kwamba itapanda. Tuchukue mfano wa rinda lililonunuliwa kwa shilingi 80. Sabuni na maji ni shilingi 10, mfuko shilingi 10, na bando la intaneti shilingi 10. Gharama ni shilingi 110. Likianzishwa kwa shilingi 50 na akajitokeza mteja mmoja tu, muuzaji amepoteza shilingi 60. Bei ya kuanzia haikupaswa kuwa chini ya shilingi 110, na ni vyema iongezwe kidogo kwa ajili ya jasho lake. Nguo ambayo mtoto wa nyumbani ameiacha haina gharama ya kununua, kwa hivyo hiyo inaweza kuanza chini.

Nauli ya boda boda itajwe mapema, na isemwe wazi ni nani atakayeilipa.

Masharti ya mnada

Masharti yaandikwe juu ya kila tangazo, kwa maneno machache: bei ya kuanzia, kiwango cha kupandisha, kwa mfano shilingi 20, saa ya kufunga, muda wa kulipa na namna ya kupokea nguo. Saa ya kufunga iwe jioni, watu wanapokuwa wametoka kazini, na karibu na mwisho wa mwezi ikiwezekana. Ili kuzuia mtu kuvizia sekunde ya mwisho, sharti linaweza kusema kwamba dau likitolewa katika dakika 2 za mwisho, mnada unaongezwa dakika 5.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inagusa minada pia. Mtoa dau anaweza kuliondoa kabla muuzaji hajatangaza kuwa mauzo yamekamilika. Naye muuzaji haruhusiwi kujitolea dau kisirisiri, wala kumtuma ndugu au rafiki apandishe bei, isipokuwa kama amewaarifu wanunuzi tangu mwanzo kwamba amejiwekea haki hiyo. Kufanya hivyo kwa siri ni ulaghai, na mnunuzi anaweza kuyakataa mauzo.

Mshindi asipolipa katika muda uliowekwa, nguo hupewa aliyemfuata, kwa bei aliyoitaja yeye mwenyewe. Sharti hili nalo liandikwe mapema.

Malipo na walaghai

Nguo isitoke mkononi kabla pesa hazijaingia. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa, kwa hivyo muuzaji aangalie salio lake la M-Pesa badala ya kuamini ujumbe au picha aliyotumiwa na mnunuzi. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa nambari ya kawaida ya simu. Anayedai kwamba ametuma pesa nyingi kwa makosa na kutaka arudishiwe haraka asirudishiwe chochote kabla salio halijathibitishwa. Ujumbe wa ulaghai unaweza kutumwa kwa nambari 333 ya Safaricom bila malipo. Nambari ya siri haipewi mtu yeyote.

Kukabidhiana kufanyike mchana, mahali penye watu, kama vile sokoni au kwenye steji ya matatu. Mteja asiyejulikana asielekezwe nyumbani.

Leseni na kodi

Mzazi anayeuza nguo chache zilizombana mwanawe hayuko sawa na mtu anayenunua mitumba kila wiki ili auze. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la leseni za biashara. Anayeifanya kazi hii kwa mfululizo anashauriwa kuulizia leseni katika afisi za kaunti kabla biashara haijapanuka. Vilevile, mauzo yakizidi shilingi milioni 1 kwa mwaka bila kupita milioni 25, hutozwa kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 imekuwa asilimia 3.

Mwanzo mdogo

Anayeanza hahitaji kununua mzigo. Aanze na nguo 5 zilizomo nyumbani na aandike katika daftari gharama, bei iliyopatikana na siku ya mauzo ya kila moja. Baada ya mwezi mmoja daftari litamwonyesha ni nguo zipi zinazogombaniwa na zipi zinazolala. Hapo ndipo atajua kama inafaa kutoa pesa zake kwenda Kongowea, na anunue nini akifika huko.