Fahamu: Italia Ilivyofuzu Kombe la Dunia la Kriketi

Italia, taifa ambalo umma wake tangu jadi umeshughulishwa na kandanda, tarehe 11 Julai 2025 ilifuzu, kwa mara ya kwanza katika tarikhi yake, Kombe la Dunia la kriketi ya T20 la mwaka 2026 huko India na Sri Lanka. La ajabu ni kwamba siku hiyo hiyo ilishindwa na Uholanzi katika mechi ya kufuzu. Walakini, kwa kuwa ilikwisha kuifunga Skotlandi kwa mikimbio 12, ikalingana pointi na kisiwa cha Jersey, wastani wa mikimbio ndio uliohukumu. Linalonigusa mno ni habari ya nahodha wa wakati huo, Joe Burns, aliyepata kuichezea Australia, ambaye, akistahiki kuichezea Italia kwa nasaba ya mamaye, alivaa jezi namba 85 kwa kumuenzi marehemu nduguye.