Neno "Tu" katika Mazungumzo ya Nyahanga

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo wanafunzi wetu hukutana nayo mapema na kuyaelewa kwa taabu, limo lile dogo la "just", ambalo mwalimu, kwa haraka ya kumaliza somo, aghalabu huandika ubaoni kuwa maana yake ni "tu", na mwanafunzi akaridhika, ilhali hajaulizwa hilo "tu" lenyewe hulitumia kwa maana ngapi tangu aamkapo hadi alalapo.

Na tutazame Nyahanga, kata ya mji wa Kahama, ambako Wasukuma, Wanyamwezi na wageni waliovutwa na dhahabu na biashara hukutanishwa na Kiswahili. Mzee akiisha kuamkiwa kwa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka", na kuulizwa habari za nyumbani, hujibu, "Nzuri tu," wala hakusudii kwamba uzuri huo umepungua. Neno hilo ni la staha, limzuialo asijigambe kwa neema aliyojaliwa. Jirani apitaye wakati wa chakula akaambiwa "Karibu tu" huondolewa haya. Mama akisema mtoto "analia tu," kilio hakikatiki. Akisema "alipofika tu akalala," neno limekuwa kipimo cha wakati.

Lakini nguvu zake hudhihirika zaidi penye mzani. Mchimbaji mdogo aliyetoka duarani, yaani shimoni mwa machimbo, mawe yake yakiisha kusagwa kwenye mashine ya karasha na kuoshwa, huiweka dhahabu mbele ya mnunuzi, naye mnunuzi hutazama akasema, "Gramu mbili tu"; mchimbaji, akiona bei haimtoshi, huomba, "Niongeze kidogo tu, bosi." Kwa neno lile lile mmoja ameidunisha mali ya mwenzake, na mwingine amelipunguza ombi lake ili lisikataliwe, na hivyo hasa ndivyo afanyavyo Mwingereza aombapo dakika moja ya mtu akatanguliza "just".

Hata hivyo lugha hizi mbili huachana njiani. Mwingereza huliweka lake kabla ya neno lihusikalo, sisi huliweka letu baada yake. Na amsemapo mtu aliyefika punde hivi, hulitumia lile lile "just", ambapo sisi husema "ndiyo kwanza amefika". Na "Karibu tu" yetu, kadhalika, Mwingereza haisemi "just welcome".

Basi nawasihi walimu wa Kahama na kwingineko waanzie kinywani mwa mwanafunzi: wamwulize asemavyo sokoni na nyumbani, kisha wampe sentensi nzima ya Kiingereza mahali pa neno moja.