Plastiki laini yawinda joto linalopotea

Mtu mzima aliyetulia kitini hutoa joto la takriban wati 100. Injini za magari, mabomba ya mvuke, kompyuta na matanuri ya mikate nayo humwaga joto hewani kutwa kucha. Hesabu za maabara ya taifa ya Lawrence Livermore zinaonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya nishati inayotumika Marekani hupotea bila kufanya kazi yoyote, na nyingi huondoka kama joto. Kiasi kikubwa cha joto hilo hakifiki nyuzi 100 za Selsiasi, hivyo ni hafifu mno kuzungusha mtambo wa mvuke. Hilo ndilo joto linalowindwa na watafiti wa polima, yaani familia ya kemikali inayotupatia plastiki.

Kanuni wanayoitegemea ina zaidi ya miaka 200. Mwaka 1821, mjini Berlin, Thomas Johann Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti kuwa duara, akapasha moto ungio moja na kuliacha jingine likiwa baridi. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani joto limezaa sumaku, kumbe umeme ulikuwa unapita. Upande wa moto elektroni huchangamka na kusambaa kuelekea upande wa baridi, na msukumo huo ndio huzaa volti.

Hapa hakuna kinachozunguka, kinachopiga kelele wala kinachohitaji grisi. Ndiyo maana vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vilipewa umeme unaotokana na joto la plutoniamu, na vimeendelea kutuma taarifa kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1950 Wasovieti walitengeneza kifaa kilichofungwa juu ya taa ya mafuta kikaendesha redio. Hapa kwetu, jiko la kuni la BioLite lililouzwa Kenya hutumia moto wake lenyewe kuendesha feni na kuchaji simu.

Kwa joto la kawaida, kazi hii imefanywa zaidi na kristali za bismathi na teluriamu. Teluriamu ni adimu sana ardhini, na kristali hizo huvunjika zikikunjwa. Huwezi kuzizungushia bomba lenye kona wala kuzishonea nguo. Polima hukunjika, huyeyushwa ikawa kama wino, na huweza kuchapwa juu ya karatasi au kitambaa. Tena hutengenezwa hasa kwa kaboni na elementi nyingine zisizo adimu.

Lakini je, plastiki si ndiyo tunayovika nyaya ili umeme usitupige? Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 1977, pale Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walipotia iodini katika poliasetilini na kuifanya ipitishe umeme kwa wingi. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

Kupitisha umeme pekee hakutoshi. Kinachotakiwa ni kitu kinachoruhusu umeme upite na kuzuia joto lisipite, kwa kuwa joto likivuka upesi, pande zote mbili hulingana na volti hutoweka. Shaba hushindwa mtihani huo kwa sababu hupitisha vyote viwili. Plastiki kwa asili huzuia joto. Ugumu wake ni kwamba kemikali inayoongezwa ili umeme upite vizuri hupunguza volti.

Watafiti hupima ubora kwa alama iitwayo ZT, na kristali za bismathi zilizoko sokoni hupata karibu 1. Mwaka 2011, kundi la Xavier Crispin wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, lilirekebisha kemia ya polima iitwayo PEDOT likafikia 0.25. Miaka miwili baadaye, kundi la Kevin Pipe katika Chuo Kikuu cha Michigan liliondoa kemikali isiyokuwa na kazi katika polima ya jamii hiyo na kufika 0.42. Mwaka 2024, watafiti wa Beijing walipanga polima mbili kwa tabaka nyembamba mno zinazopishana, zikazuia joto zaidi, na alama ikafika 1.28 katika nyuzi 95.

Hayo ni mafanikio ya maabara, na msomaji asiuziwe ndoto ya shati litakalowasha taa za nyumba. Hata kipande kinachotoa mikrovolti 200 kwa kila nyuzi moja, kikipata tofauti ya nyuzi 5, hutoa milivolti 1 tu. Ili kupata volti 1 lazima uunganishe vipande 1,000. Ngozi ya Dar es Salaam, palipo na hewa ya nyuzi 32, haina tofauti kubwa ya kuvuna kama ngozi ya Sweden wakati wa baridi. Utando mwembamba hupoteza tofauti hiyo haraka, na polima nyingi zinazobeba chaji hasi huharibiwa na hewa na unyevu.

Kwa hiyo tusiilinganishe plastiki hii na bwawa la umeme. Mahali pake ni kwenye kipimo kidogo kinachohitaji miliwati chache: kinachosikiliza mtetemo wa mashine, kinachochunguza uvujaji kwenye bomba, kinachohesabu mapigo ya moyo. Kipimo cha namna hiyo kikijilisha kwa joto la kitu kinachopimwa, hakuna fundi wa kubadilisha betri kila mara. Viwanda vyetu vya chai na sukari, na mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, vina mabomba ya kutosha kujaribia.

Kazi hii huanzia kwenye maabara ya kemia na wino wa kuchapa, na hatua zake za mwanzo hazihitaji kiwanda cha mabilioni cha kutengeneza chipu. Vyuo vikuu vyetu vina wanakemia. Viwape nafasi na vifaa sasa, kabla teknolojia hii haijatufikia ikiwa bidhaa ya dukani ambayo kazi yetu ni kuinunua tu.