Kebo ya hadi diski kwa mashine isiyotengenezewa hadi diski

Mashine nyingi zinazouzwa kwa kazi moja tu, kama vile kisanduku cha kufungulia intaneti, mashine ya mauzo ya dukani au kompyuta ndogo ya kuegemea seva, ndani yake ni kompyuta kamili. Kinachokosekana ni hadi diski, yaani diski kuu ya kuhifadhia data. Mtengenezaji ameweka kipande kidogo cha kumbukumbu badala yake, akafunga mlango hapo. Hata hivyo, kwenye madabodi mara nyingi hubaki safu mbili za pini, au matundu yake, zilizokuwa za kujaribia mashine kiwandani. Atakayeweza kuunganisha hadi diski kwenye pini hizo anaweza kuweka mfumo endeshi mwingine anaoutaka.

Mfano unaojulikana zaidi ni i-Opener ya kampuni ya Netpliance ya Austin, Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2000 iliuzwa kwa dola 99, bei ya chini kuliko gharama ya kuitengeneza, kwa matumaini kwamba hasara ingefidiwa na ada ya intaneti ya kila mwezi. Ilikuwa na kioo bapa, megabaiti 16 za kumbukumbu ya kudumu na mfumo endeshi wa QNX. Mwezi Machi mwaka huohuo ikafahamika kwamba ina pini 44 za hadi diski ya laptopu, ila mpangilio wake umegeuzwa, hivyo kebo ya kawaida ya dukani haikufaa. Kebo ya kutengeneza kwa mkono ndiyo iliyoigeuza i-Opener kuwa kompyuta kamili ya bei rahisi. Kampuni ilibadili maunzi ili kuzuia ugeuzaji huo, ikashindwa kuendesha biashara hiyo, na mwaka 2001 ikageuka kuwa TippingPoint, kampuni ya usalama wa mitandao.

Kwa fundi wa Ngerengere, mkoani Morogoro, habari hiyo ni zaidi ya historia. Mashine za aina hii hufika Tanzania zikiwa mitumba, na kebo zake maalumu haziji nazo. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imelisogeza soko la Kariakoo karibu, lakini kebo ambayo haikuwahi kutengenezwa kwa wingi haitapatikana hata huko. Kilichopo ni laptopu mbovu za kuchambua, na humo ndimo malighafi inamotoka.

Kebo inayozungumzwa hapa ni ya mfumo wa IDE, uliotawala kabla ya SATA. Hadi diski kubwa ya inchi 3.5 hutumia pini 40 zilizoachana milimita 2.54, na umeme wake huja kwa waya tofauti, volti 5 na volti 12. Hadi diski ndogo ya inchi 2.5 ina pini 44 zilizoachana milimita 2 tu, na umeme hupita ndani ya kebo hiyohiyo: pini 41 na 42 hubeba volti 5, na pini 43 ni ethi, njia ya umeme kurudi. Kwa mashine ndogo hii ya pili ndiyo ya kuchagua, kwa kuwa haihitaji volti 12 kabisa. Nyumba inayotegemea sola na betri itaona tofauti hiyo upesi.

Pini za namba witiri ziko safu moja, za namba shufwa safu ya pili. Pini ya 1 ni ya kuiamuru diski ianze upya. Kuanzia 3 hadi 18 ni nyaya 16 za data. Pini ya 20 haipo. Nafasi yake huachwa tupu makusudi ili kebo isichomekwe kinyume. Kwenye kebo bapa, waya wenye mstari mwekundu ndio wa pini ya 1.

Hatari iko kwenye kugeuza, na kuna namna mbili za kugeuza ambazo mafundi wengi huzichanganya. Kwanza ni kuzungusha kiunganishi nusu duara. Hapo pini 41 na 42 za mashine hukutana na pini 4 na 3 za diski, yaani volti 5 zenye nguvu zote huingia kwenye nyaya za data. Diski inaweza kufa papo hapo. Pili ni safu kubadilishana, 1 ikakaa mahali pa 2, 3 mahali pa 4, na kuendelea. Kwa macho kosa hili linaonekana dogo, maana 41 na 42 zote ni volti 5. Lakini tazama ethi: pini za ethi za diski ni 2, 19, 22, 24, 26, 30, 40 na 43, na kila moja sasa inakutana na waya wa ishara au nafasi isiyotumika. Umeme umeingia, njia yake ya kurudi haipo, na utaitafuta kupitia saketi zisizojengwa kuubeba.

Orodha hiyo ya ethi ndiyo pia ufunguo wa kuitambua madabodi isiyo na maandishi. Mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, ncha moja ya mita huwekwa kwenye chuma cha fremu, nyingine ikipita pini moja baada ya nyingine. Ethi 6 zitaonekana kwenye safu ya shufwa na 2 tu kwenye safu ya witiri. Mara chache pini 44 nayo huongezeka. Umbali kati yake hauwezi kufanana ukisomwa kutoka upande mwingine. Mchoro ukishaandikwa kwenye karatasi, mpangilio wa kweli unajulikana bila kubahatisha. Dakika hizi za kupima zina thamani kubwa kuliko kazi yote ya mikono inayofuata.

Kutengeneza kwenyewe huanza na kebo ya laptopu yenye kiunganishi kizima upande mmoja. Huo utakuwa upande wa diski na hauguswi. Upande wa pili hukatwa, nyaya hutenganishwa kwa wembe kama sentimita 3, kisha kila moja hulehemiwa kwenye kiunganishi kipya kufuatana na mchoro. Kama safu zimebadilishana, nyaya hupishana mbilimbili, jozi 22. Mpira mwembamba wa kusinyaa kwa joto huvalishwa kila kiungo. Mkono usiozoea pini za milimita 2 utasaidiwa na adapta ya pini 44 kwenda 40, kwani upande wa milimita 2.54 una nafasi ya ncha ya pasi. Urefu usizidi sentimita 46, kipimo cha juu cha IDE. Kebo ya mkono ni bora iwe fupi zaidi, sentimita 15 zinatosha.

Kebo mpya haichomekwi kwenye diski mara moja. Kila waya hupimwa kama umefika, kisha kila pini na jirani zake kama hazigusani. Baada ya hapo kebo huchomekwa kwenye mashine pekee, mashine ikawashwa, na volti zikapimwa mwisho wa kebo kati ya 41 na 43, halafu 42 na 43. Zikiwa kati ya 4.75 na 5.25, mashine huzimwa na diski huunganishwa. Kwa mara ya kwanza itumike diski isiyo na kitu cha thamani.

Diski isipoonekana, kwanza hukaguliwa klipu ya kuchagua diski ya kwanza au ya pili, kwa kuwa kumbukumbu ya ndani huenda inatumia nafasi hiyohiyo. Mashine nyingi za zamani pia haziwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 137 za diski, na nyingine hukwama chini zaidi. Badala ya diski inayozunguka, kadi ya CompactFlash kwenye adapta yake huzungumza lugha ileile ya IDE, hula umeme mdogo na haisumbuliwi na mtikisiko.

SATA haifanyiwi hivi. Nyaya zake za data husafirisha ishara za kasi kwa jozi zilizopimwa umbali na unene, na kiungo cha risasi katikati huziharibu. Mashine yenye SATA inunuliwe kebo nzima ya kiwandani. Cha kuunga kwa mkono ni nyaya za umeme tu.